Rubani Aliyesema Siruki

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chai aimimine, mwenye kuku wa kufungia akawafungie kwanza arudi. Leo tunamkumbuka Kapteni Masha Kazungu, rubani, mwana wa Garsen, aliyezikwa Jumamosi iliyopita katika shamba la mamake kando ya Mto Tana. Kwa waliowasha redio sasa hivi, tunarudia: ni Kapteni Masha Kazungu, rubani. Moyo ulimsimama akiwa anakula. Amezikwa Jumamosi.

Ujumbe wenu umefika. Vijana wengi mliomaliza kidato cha nne mnauliza swali moja: urubani bado ni kazi, ama ni shati jeupe tu na miwani ya jua? Mmoja wa Hola ameandika kwamba binamu yake ana leseni ya kurusha ndege na anachaji watu simu sokoni. Pole, ndugu wa Hola. Swali lako hatutalijibu sisi. Atalijibu marehemu kwa maisha yake. Ila tuwaonye mapema: marehemu hakuwa mtu mpole, na kisa chake si cha mtu mpole.

Masha alizaliwa katika familia ya Wagiriama waliotoka kusini kuja kutafuta ardhi yenye maji. Ardhi waliipata. Maji wakapata kuliko walivyoomba. Mto ukifurika huku kwetu, sufuria yako waweza kuikuta kwa jirani, na jirani usimkute.

Kazi yake ya utotoni ilikuwa kufukuza ndege shambani. Mamake, Mama Mbeyu, alituambia hivi: "Nilimpa kombeo alinde mpunga. Yeye akawa anatazama ile ndege ya Lamu inavyopita juu. Mwaka huo tulivuna majani."

Hata hivyo hakumchapa. Mtoto alipofaulu shule na kusema anataka kuwa rubani, wazee wa ukoo walicheka wakakohoa. Aliyewanyamazisha ni Kanze, dadake mkubwa, ambaye alikuwa ndio kwanza anaolewa. Alisema mahari yake yote, ng'ombe na mbuzi, yaende shule ya urubani. Na yalikwenda yote. Kanze akicheka husema, "Mume wangu aliniposa mimi, lakini aliyesafiri ni Masha."

Basi shikeni hapo, wasikilizaji. Huyu hakupelekwa angani na serikali wala mfadhili. Alipelekwa na mahari ya dadake.

Akawa rubani wa ndege ndogo katika kampuni moja yenye ofisi nzuri. Alibeba watalii, alibeba dawa, alibeba miraa. Baadaye akapewa na vijana wa kufundisha. Mmoja wao alikuwa msichana wa huku huku mtoni, Mpokomo wa kijiji cha Ngao, anaitwa Hope. Hope alikuwa hodari, ila alikuwa na tabia moja. Kila wakivuka mto aliinamisha bawa la kushoto mara mbili, kumsalimia nyanyake kule chini.

"Hope," Masha alimwambia, "nyanya yako hana macho ya mwewe. Nyoosha bawa."

"Kapteni, haoni, lakini huambiwa na majirani."

"Basi majirani wamsalimie."

Hope hakuacha.

Sasa tufike penye mwiba. Siku moja ya mvua, Mkurugenzi wa kampuni ile alitaka ndege iondoke. Mzigo ulikuwa umezidi, wingu lilikuwa limekaa kama kifuniko cha chungu, na injini ilikuwa imekohoa asubuhi. Masha aliizunguka ndege, akavua vifaa vya masikioni, akasema neno moja.

"Siruki."

Mkurugenzi akamwambia mbele ya wafanyakazi, "Marubani ni wengi kuliko mbu wa kwenu Tana. Hutaki kuruka leo? Basi hutaruka tena."

Wasikilizaji, kuna watu hutishia wakasahau. Huyu hakusahau. Alipiga simu kampuni moja baada ya nyingine, akamwita Masha mkorofi, mtu asiyetii. Kila mlango aliobisha Masha, jina lake lilikuwa limeshatangulia na kuufunga. Leseni anayo, mikono anayo, macho anayo. Ndege hana. Akarudi Garsen na begi moja.

Na sisi watu wa Garsen, mtuwie radhi, hatukumpokea vizuri. Tunapenda mzaha kuliko chumvi. Mtu ametoka angani amekuja kukaa kwa mamake, tukamwona ni sinema ya bure. "Kapteni, leo abiria ni wangapi?" Akipita na toroli la maji: "Kapteni, funga mkanda." Yeye alicheka nasi. Lakini Kanze anasema akifika nyumbani hakuwa anacheka. Alikaa, akamwambia dadake, "Kanze, ng'ombe wako nitawalipizia. Sijui lini. Lakini yule mtu atakuja chini yangu."

"Chini yako wapi, na wewe huna hata baiskeli?"

"Atakuja."

Sasa, wageni wa mbali hawajui jambo hili, tuwaeleze. Nje ya mji kuna kiwanja chetu cha ndege, cha udongo. Kimeinuka kidogo, hivyo mto ukijaa na tope likizidi, ng'ombe wa wafugaji huenda kulala pale pale pakavu. Nani asiyependa kitanda kikavu? Kwa hiyo ndege haiji Garsen hivi hivi. Kwanza mtu anapigiwa simu awatoe ng'ombe. Halafu ndege inapita chini mara moja kuhakikisha wametoka. Ndipo inatua. Mtu wa kupigiwa simu, miaka hii ya mwisho, alikuwa Masha. Kule kwenye maofisi hawakujua ni nani. Namba yake ilipitishwa tu kwa jina la Mtu wa Ng'ombe, Garsen.

Basi siku moja simu ikalia. Ndege inakuja na wageni watano, wanatafuta mahali pa kujenga hoteli karibu na mdomo wa mto, kiwanja kiwe tayari. Masha akauliza, kwa sauti ya mtu mjinga, "Ni kampuni gani, mkubwa?" Akatajiwa. "Na Mkurugenzi mwenyewe yumo?" Yumo.

"Karibuni sana," akasema Masha. "Kiwanja ni safi."

Kisha akaenda kwa Guyo, Muorma mwenye ng'ombe, rafiki yake, aliyekuwa ameegemea fimbo pembeni ya kiwanja. Ng'ombe walikuwa wamelala kiwanja kizima wakicheua.

"Guyo, leo usiwatoe."

Guyo akatazama juu, akatazama ng'ombe. "Kapteni, sasa hii ndege italala wapi?"

"Ilale hewani."

Tusimpake asali marehemu. Alijua anachofanya. Alimweleza Kanze baadaye bila kupunguza: alitaka yule mtu azunguke juu ya Garsen mpaka atapikie suti yake, kisha arudi alikotoka bila hoteli. Mafuta ya kurudi yangekuwepo, alipiga hesabu yake. Akakaa juu ya jerikeni. Akangoja.

Ndege ikaja. Ikapita chini, mngurumo wa kukwaruza masikio. Ng'ombe wa Guyo wamezoea ndege tangu ndama. Hata sikio hawakutikisa. Ikapita mara ya pili. Wamama waliokuja na ngoma kupokea wageni wakaanza kuulizana. Masha anatabasamu peke yake. Huku upande wa bahari wingu jeusi linapanda, na yeye aliliona, na bado hakuinuka.

Mara ya tatu ndege ilizunguka kwa upana, ikavuka mto. Na bawa la kushoto likainama. Mara mbili.

Masha akaujua mkono ule. Pale juu si Mkurugenzi peke yake. Anayeshika usukani ni Hope. Mtoto aliyemfundisha mwenyewe anazungushwa juu ya ng'ombe, mvua inakuja, na aliyemfungia kiwanja ni mwalimu wake.

Akaruka kutoka kwenye jerikeni. Akakimbia akipiga kelele na fimbo, akiwatukana ng'ombe kwa Kigiriama. Ng'ombe wakamwangalia kama anayewahubiria.

"Kapteni, toka!" Guyo akasema. "Huyu hasukumwi. Huyu anaitwa."

Guyo akatangulia mbele, akapiga mluzi, akamwita ng'ombe jike mmoja mweupe kwa jina. Yule akainuka, akajinyoosha bila haraka, akamfuata. Wengine wote wakafuata nyuma yake. Kiwanja kikawa wazi, na Hope akatua matone ya kwanza yakianguka.

Mkurugenzi alishuka uso umekuwa wa kijani. "Nani anasimamia ng'ombe hapa?"

"Mimi, mkubwa," akasema Masha. Ndevu, singleti, kikoi, fimbo. Mkurugenzi akamtukana na hakumtambua. Hope alimtambua. Alifungua mdomo, na Masha akatikisa kichwa polepole: usinijue kwanza.

Wageni wakaenda wakaona mto, wakala samaki, wakapewa magunia ya maembe na mikungu ya ndizi. Mvua ilinyesha ikaisha. Alasiri wakarudi kiwanjani. Mkurugenzi akaamuru kila kitu kipakiwe, maembe, ndizi, watu.

Hope hakupanda. Alianza kutembea kiwanjani mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kule mwisho kiatu chake kilizama mpaka kifundoni. Akakichomoa. Akarudi na kiatu mkononi, akayaangalia magunia.

"Siruki," akasema.

Kulikuwa na watu wengi pale. Wamama wa ngoma, wazee, watoto, wageni watano. Wote walisikia.

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Binti, unajua mtu wa mwisho aliyeniambia neno hilo yuko wapi leo?"

"Yuko nyuma yako," akasema Hope. "Ameshika fimbo."

Wasikilizaji wapendwa, waliokuwepo wanasema shingo ya yule mtu iligeuka kama mlango wenye kutu. Alimtazama Masha kuanzia miguuni akapanda mpaka usoni. Masha hakusema mengi. Alisema, "Karibu Garsen, Mkurugenzi. Ulisema marubani ni wengi kuliko mbu wetu. Leo utawahesabu, marubani na mbu."

Wamama wakapiga vigelegele. Tena vile vya harusi.

Mkurugenzi alilala Garsen. Chandarua alichopewa kilikuwa na tundu, na hatutasema nani alikichagua, maana Kanze anatusikiliza. Asubuhi alipanda basi na uso umevimba kama mkate wa mofa. Wageni wake walimuuliza Masha historia yote, akawapa yote. Hoteli haikujengwa, angalau si na yule mtu.

Hope alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Tusiwadanganye vijana, alifukuzwa. Lakini safari hii simu za kumchafua hazikushika, kwa sababu wageni watano walikuwa wamepiga zao kwanza. Sasa anaendesha ndege za kubeba wagonjwa. Jumamosi alikuwa mazishini. Alishika koleo, akatupa udongo, akaondoka kurudi zamu.

Masha hakuruka tena. Hiyo nayo tuiseme wazi. Alilipiza, lakini hakurudishiwa anga. Mitchelle, binti ya Kanze, anataka kuwa rubani, na nyumba imegawanyika juu yake. Mwezi uliopita alimuuliza mjombake kama bado kazi ina maana, kama yeye angerudia. Kanze alikuwa anapepeta mchele, akayasikia majibu.

"Ukitaka kuona mawingu, mama, lala chali shambani, ni bure," Masha alimwambia. "Kazi utaingoja miaka, na utakayempata kuwa bosi humjui. Lakini siku ile unasimama mbele ya mtu mkubwa na watu nyuma yako wanataka kwenda nyumbani, na wewe pekee ndiye wa kusema hatuondoki, wabaki hai wakuchukie, hiyo ni kazi. Kama waweza kuchukiwa, nenda. Mimi ningerudia."

Kanze aliweka ungo chini. Mwezi ujao Mitchelle anaripoti shule ya urubani. Tulimuuliza Kanze kama haogopi. Akasema, "Naogopa. Lakini atakayekuwa bosi wake ataogopa zaidi."

Kwenye mazishi, shada kubwa la maua lilifika kwa gari, limeandikwa jina la kampuni. Mchungaji, mtu mwema, akaona amepata mlango wa mahubiri. Akasema marehemu alikuwa amewasamehe wote waliomkosea. Mama Mbeyu, kutoka kwenye kiti chake, hata hakuinua sauti.

"Mchungaji, mwanangu hakusamehe. Usimzike na uongo."

Kisha akaomba apewe lile shada. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama ilivyo adabu. Akalipeleka uani, akawatupia mbuzi.

Kwa Mama Mbeyu, kwa Kanze na watoto wake, kwa Hope, kwa Guyo ambaye ametuma salamu kutoka malishoni, kutoka kituo hiki tunasema poleni sana. Mola amlaze Kapteni mahali pema. Na wewe kijana mwenye swali, tafakari usiku huu: si kama mshahara upo, bali kama neno lile unaweza kulisema. Na wewe mwenye kampuni, tafakari pia: uliyemfukuza kwa kusema kweli, anakaa karibu na kiwanja gani?

Mtakuwa mmegundua hatukumtaja Mkurugenzi kwa jina. Msidhani ni woga. Tulimuuliza Mama Mbeyu kama tulitaje, akafikiri, akasema yule mtu alilifungia jina la mwanawe kila mlango, kwa hiyo katika kumbukumbu hii lake libaki nje.

Basi limebaki nje. Tuliyemkumbuka ni Kapteni Masha Kazungu, rubani.