Bi Kadzo Mung'aro, Aliyetufundisha Kuripoti Kabla ya Kudai

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Kadzo Mung'aro anastaafu baada ya kulitumikia tawi la Mombasa la kampuni yetu ya bima kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa Novemba 1994 kuwapokea wageni mlangoni. Meneja wa wakati ule aligundua baadaye kwamba wateja wenye nyumba zilizovuja au kuungua walikuwa wakipata ushauri wote palepale mapokezi, hata hawafiki kwake. Akamhamishia Bi Kadzo idara ya madai, na huko ndiko alikobaki.

Kwa mtu wa madai, alikuwa na tabia ya ajabu: mara nyingi aliwashauri wateja wasidai. Bwana mmoja wa Ganjoni alituletea vipande vya kioo cha dirisha ndani ya mfuko wa karatasi. Bi Kadzo alimweleza kwamba hasara ile haifikii hata kiwango anachojibebea mwenye bima mwenyewe, na dai lingeweza kumkosesha punguzo lake la malipo ya bima ya mwakani.

"Sasa bima ni ya kazi gani?" bwana akauliza kwa hasira.

"Ya siku ambayo fundi wa vioo hatakutosha, baba."

Bwana huyo bado ni mteja wetu.

Ukali wake ulikuwa kwa wanaosafisha kabla ya ukaguzi. Watu wa Mji wa Kale wakiambiwa mkaguzi wa bima anakuja, humwandalia kama mgeni. Katika nyumba moja nyuma ya Ngome ya Yesu, mkaguzi alipokewa kwa kahawa, halwa na ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ile. Ufa aliokuja kuupiga picha haukuonekana tena. Tangu hapo Bi Kadzo alimwambia kila mteja, hata kabla hajaketi, "Picha kwanza, chokaa baadaye."

Lakini kazi inayosimuliwa zaidi ofisini ni ya mapema Mei 2017. Bi Nabiha, mteja wetu wa Mji wa Kale, alikuja kulipia bima yake ya mwaka. Alipomaliza hakuondoka. Akasema ana rafiki ambaye ukuta wake umeingia maji, kwa kuwa tangi la jirani lilipasuka. Je, rafiki huyo akidai, jirani atasumbuliwa?

"Kampuni yaweza kumfuata alipe gharama," Bi Kadzo akajibu. "Huo ukuta wa rafiki yako umevimba upande gani?"

"Upande wa chumba cha wajukuu wangu," akasema Bi Nabiha, kisha akajifunika uso kwa mtandio. "Ishaniponyoka!"

Jirani mwenyewe ni Mzee Hussam, na nyumba zao zimeshikana tangu enzi za babu zao. Mzee Hussam aliona haya kulitaja tangi, akawa anapeleka kaimati, siku ya pili mkate wa sinia. Bi Nabiha naye, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu, akairudisha na sambusa. Nyumba mbili zikala vizuri huku ukuta ukizidi kuvimba na watoto wakilala chini yake. Tena bima ilitaka hasara iripotiwe mapema.

"Mama, ripoti leo," Bi Kadzo akamwambia. "Kudai utaamua kesho, kuripoti si kudai. Na watoto wasilale pale tena."

"Na Hussam nitamtazama kwa jicho gani?"

"Twende tukamtazame sote."

Akachukua mkoba wake wakafuatana. Bi Nabiha husimulia kwamba Mzee Hussam alipoelezwa alipandisha sauti: "Wewe Nabiha, wataka ukuta uwaangukie watoto kwa ajili ya haya zangu? Mie nikidhani umenisamehe, kumbe wanificha!" Kisha akasema naye ana bima, ya kampuni nyingine, ila hajui inabeba nini. Bi Kadzo akampigia simu mwenzake wa kampuni ile akiwa hapohapo barazani. Jibu likaja: bima ya Mzee Hussam ilibeba pia hasara anayomsababishia jirani.

Ripoti zote mbili ziliandikwa siku hiyo. Ukuta ulijengwa upya, na wajukuu wakarudi chumbani mwao kabla ya Idi. Leo, mteja akipiga simu kwa wasiwasi, Riyadh, anayerithi meza ya Bi Kadzo, huanza kwa kumwambia kwamba kuripoti si kudai. Utaratibu huo hakuuleta mkurugenzi.

Bi Kadzo, unakwenda Kaloleni kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe. Tulipokuuliza kama umeikatia bima, ulituambia ndiyo, ila kwanza ulizunguka kuwajua majirani. Ahsante kwa miaka yote uliyotupa. Mungu akujalie pumziko jema, afya, na paa lisilovuja.