Mwalimu Mkuu Aliyeomba Kusahihishwa

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mwalimu Mkuu wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa ndiye anayeiongoza shule hii. Wanafunzi humwita Bibi Kamba. Sisi walimu hujifanya hatulijui jina hilo.

Lilianza mwaka ule mtaala mpya ulipoletwa. Tulirudi kutoka kwenye semina ya siku tatu na vitabu vinene na vichwa vitupu. Tulidhani atabandika ratiba ya ukaguzi. Badala yake alituita kwenye chumba cha Darasa la Nne, akatubananisha kwenye madawati pamoja na watoto, akafundisha somo la kwanza mwenyewe: vipimo, kwa makundi, kwa kamba. Ikawa vurugu tupu. Kundi moja lilikuta darasa lina urefu wa mita mia mbili. Jingine lilimfunga mwalimu wa michezo kwenye kiti. Kengele ililia kabla hajafika katikati. Hapo akatugawia kalamu nyekundu na kutuomba tumsahihishe bila huruma. Hatukumhurumia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeogopa kukosea mbele yake. Alikuja madarasani bila daftari, akakaa nyuma, na akiondoka aliacha swali moja tu. Mwaka uliofuata shule jirani zikaanza kuleta walimu wao kujifunza kwetu. Vikao vyake, tuseme kweli, vilikuwa virefu, na kipaza sauti akikishika ndiyo basi tena.

Mkaidi wa mwisho nilikuwa mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimefundisha hisabati kwa chaki na ukali, nikaona zama zangu zimekwisha. Nikampelekea barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akavua miwani, akasema ataitia sahihi mwisho wa muhula, ila kwanza nimwonyeshe alipokosea kwenye lile somo la kamba. Tulilipanga upya wiki nzima, kisha nikalifundisha mimi. Msichana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono siku hiyo alinyoosha mara nne.

Muhula ulipoisha aliniuliza kama atie sahihi. Nikamwomba asubiri kidogo. Ameniuliza kila muhula kwa miaka saba, bila hata kutabasamu.

Juzi tulipokuwa tukisafisha droo yake, barua ilikuwa bado humo. Akaniuliza kwa mara ya mwisho. Nikaichana.

Asante, Mama. Nenda kapumzike na wajukuu, uwe na afya na furaha tele. Darasani kwangu kiti cha nyuma ni chako.