Punje za Joviana

Asubuhi ile benchi la stendi ya Kayanga lilikuwa na watu wale wale: Abdulatifu muuza vitambaa, wanayemwita Mita, na Cassian wa bodaboda, wanayemwita Breki kwa kuwa zake hazishiki. Beata mwenye birika alimimina kahawa bila kuangalia vikombe. Usiku kucha usingizi haukumjia. Jana bintiye Noela, mwalimu wa chuo kikuu, alikwenda Ihanda kumpatanisha mama yake na Joviana, dada wa Beata. Miaka tisa, tisa nzima, hawasalimiani kwa sababu ya kibanja cha migomba alichoacha baba yao.

Joviana alimpokea vizuri tu. Akamwekea kahawa ya kutafuna kiganjani, kama mgeni anavyowekewa, aitafune palepale iwe ishara ya udugu. Noela badala ya kutafuna, zile punje akazitia kwenye mfuko wa plastiki, ili akawaonyeshe wanafunzi wake. Joviana akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

— Kazi yake huyo binti yako hasa ni nini, Mama Noela? — Breki akauliza Beata alipomaliza kusimulia.

— Anachunguza mila za watu. Halafu hizo mila anazitumia kusaidia familia zenye shida. Ndiyo ustawi wa jamii huo. Mwaka wa kumi na moja sasa.

— Na hakujua kahawa inatafunwa?

Noela alijua. Kakulia kwenye mila hiyo.

Mita akasema punje zile zinakwenda kupimwa sumu. Breki akasema wapi, Wazungu wameishiwa ugomvi wa kwao, wanachukua mbegu ya huku wakaoteshe kwao. Mita hakukubali kupitwa: mwakani zinakuja fomu, humnunii ndugu yako bila muhuri wa mtendaji wa kata. Siku nyingine Beata angecheka.

— Kesho anarudi chuoni — akasema. — Kapatanisha watu Kituntu, kapatanisha Kyerwa. Kwetu ndiko kumemshinda.

Nadhira, aliyefungua duka pale juzi tu, alikuwa pembeni na kikombe chake.

— Samahani, mama. Na wewe mwenyewe, hiyo kahawa umewahi kumpelekea dada yako?

Mita akaangalia viatu vyake. Breki akajipapasa mifukoni akitafuta funguo alizoshika mkononi.

Beata akatikisa birika. Lilikuwa bado nusu. Akasema kahawa imekwisha. Akachota punje za kutafuna kwenye kopo, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akakaa nyuma ya pikipiki ya Breki.

— Ihanda — akasema. — Na uende polepole.