Ngombe Godelive Hakukula

Munisongelee, batoto yangu, na weye Falone ufunge mulango, juu majirani ya Nyakasanza basikie kesho, hapana leo. Miye mwenyewe nilikuwa redio yao, najua vile habari inatembea.

Nyumba kubwa ni ya Adolphe, shamba ya Shari ni ya Falone, na mukitaka kupigana juu ya sahani, mungoje nizikwe. Lakini iko neno moja sitaenda nalo mu udongo.

Munajua Godelive, ule mwenye kukaa kanyumba ka nyuma ya jikoni. Alitoka Butembo akingali kijana, akafua nguo zangu, akakamua ngombe zangu. Miye ku kiti, yeye ku mukeka, na tukisema siye ni barafiki, batu banacheka. Bacheke! Yeye hakuuza siri yangu hata moja. Zake miye niliziuza zote.

Vita ikakuja. Nikakimbilia Irumu na Falone mu mugongo, Adolphe, wa miaka sita, akapotea kati ya batu. Kurudi, namukuta kwa Godelive, muzima, lakini ngombe yangu nyekundu hapana. "Iko wapi?" Akainamisha macho: "Mama, ilikwisha." Palepale nikaenda soko kutangaza Godelive alikula ngombe yangu, na nikaongeza ati niliona mafuta ku mudomo yake, juu ulimi hauna mufupa.

Mwaka ukapita, ndipo muzee Gaspard akaniambia yenye aliona ku barieri, kizuizi cha njia: benye bunduki balimushika Adolphe, Godelive akaleta ngombe akasema, "Muchukue hii, muniachie mutoto wangu." Nikamukimbilia Godelive. Akaniomba: "Mama Domitille, tunyamaze. Benzake bakijua alitolewa ngombe kama mahari, batamuita bibi-arusi mupaka uzee." Basi tukanyamaza, yeye juu ya upendo, miye juu ya haya, maana maji ikimwangika haizoleki, na soko yote ilikuwa imekunywa uongo wangu.

Na weye Adolphe, juu ya mudomo yangu, hata salamu haumupatiage, na nilikusikia ukimwambia Vital fundi abomoe kale kanyumba nikiisha kufa. Haukabomoe! Kanyumba na udongo wake ni vya Godelive. Fulgence, chifu wa kartye yetu ya Nyakasanza, ameandika, nami nimetia kidole. Tena ngombe ya urafiki, yenye mutu anapatia rafiki yake, haitolewe kwa kujificha: utachagua mutamba muzuri wa kumupatia Godelive, utamuvuta kwa mukono yako muchana, upite naye katikati ya soko, useme mbele ya bote yenye huyu mama alifanya. Bakikuita bibi-arusi, ucheke nabo.

Aa... kumbe kusema kweli ni vyepesi hivi, na nilijitesa miaka makumi mbili. Usilie, Adolphe. Mungu abapatie maziwa, batoto... na mudomo mufupi kuliko yangu.

Hapana, Falone, maji baadaye. Adolphe, simama. Usitume mutu, enda weye mwenyewe jikoni kwa Godelive... mulango ubakie wazi... nataka kusikia vile unamuita mama.