Ndaki Hakwenda Ibadakuli

Sogeeni, wanangu. Masele, zima hiyo redio. Loveness, niinue kichwa. Pumzi niliyobakiwa nayo ni ya neno moja, nanyi mtalisikia mpaka mwisho hata likiwachoma.

Mmekua mkijua kwamba kaka yenu Ndaki alitoroka shule kwa sababu Mwalimu Klara alimchapa, akakimbilia machimboni, na duara, lile shimo la dhahabu, likamfukia. Kwa hiyo miaka kumi na miwili mmepishana na mwalimu yule hapa Segese bila hata shikamoo. Bana bane, wanangu, nilidanganya. Ndaki hakuchapwa na mtu. Mimi ndiye niliyemtoa darasa la sita, mwaka ule mama yenu alipofariki na mvua ikatunyima mahindi, nikampeleka kwa mkono wangu huu ashushwe kwa kamba, kwa kuwa alikuwa mwembamba, na wachimbaji waliwataka wembamba.

Mwalimu hakunyamaza. Alikuja na Mama Deusdedit wa kamati ya shule na wazazi wengine wanne, wamebeba debe la mahindi, wakaketi pale uani. "Baba Ndaki, hatukuja kukushtaki," alisema. "Tumekuja kujua unakwama wapi. Mtoto atakunywa uji shuleni, na kina mama hawa watapokezana kukulelea hawa wadogo." Wadogo wenyewe ndio ninyi. Mkono mmoja haulei mwana, nami nililetewa mikono mingi, lakini nikaona wamekuja kuuchungulia umaskini wangu. Walipouliza Ndaki yuko wapi, nikasema yuko Ibadakuli kwa mjomba wake. Mahindi nikayapokea.

Mwalimu akapanda basi. Akazunguka Ibadakuli siku mbili, nyumba kwa nyumba, akimuulizia mtoto aliyekuwa chini ya ardhi, mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Siku ya pili duara likabomoka. Alirudi akakuta turubai la msiba, akaniuliza tu, "Kwa nini, Baba Ndaki?" Nami mbele ya umati nikamnyooshea kidole, nikasema ni fimbo yake iliyomfukuza mwanangu. Watu wakaniamini, maana mfiwa habishiwi. Kamati ikavunjika, wazazi wakaogopa kubisha hodi kwa mtu. Watoto wangapi walipotelea machimboni baada ya hapo, sijui, na kutojua huko kunaniua kuliko haya mapafu.

Usilie, Masele, sikiliza. Ng'ombe mgawane sawa na dada yako, pasipo ubishi. Shamba la kando ya shule nimelitoa, wazazi walilime, mahindi yake yawe ya uji wa wanafunzi. Karatasi iko kwa mtendaji wa kijiji. Najua umeshaongea na watu wa dhahabu wanaolitaka. Wakatalie. Ardhi hii imekwisha kula mtoto wetu mmoja.

Kisha nendeni kwa mwalimu, wote wawili. Mwamkieni kwanza. Semeni niliyoyasema, msipunguze, wala msiseme baba alikuwa na shida. Wenye shida walikuwa wengi, na hawakusema uongo. Akikataa kuja kunizika, msimlaumu.

Mungu awape... maji, Loveness. Hapana, acha. Awape riziki, awape wazao, na mlango wenu usiwafungie wanaokuja kwa heri. Nimewabariki... wote wawili. Sasa nendeni. Nendeni nikingali hai, asije akadhani... mnamsingizia maiti.