Wasifu wa Futi, Aliyetafuta Studio ya Vitu Visivyohama

Ndugu, majirani, na nyote mliofanya naye kazi, anayewasomea ni mama yake mkubwa, dada wa tumbo moja na mama yake mzazi. Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu na kwa elimu yangu ya darasa la saba. Wajukuu walitaka kuyafupisha ili yaenee ukurasa mmoja wa ratiba. Nikawaambia karatasi ndiyo iongezwe, marehemu hapunguzwi.

Alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1979 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili kati ya watatu. Mdogo wangu alikuwa hajiwezi, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba kutoka wodini, na tangu hapo mtoto akawa na mama wawili. Jina la Futi alilipata angali mdogo. Alikuwa na kipande cha kamba chenye mafundo na alipima kila kilichokaa mbele yake, hata mkia wa paka. Siku seremala alipoleta kitanda changu kipya, mtoto akapima kitanda, akapima mlango, akasema, "Mama Mkubwa, hiki kitalala nje." Seremala akamwambia, "Wewe futi, nenda kacheze." Kitanda kikakwama mlangoni na seremala akabaki upande wa ndani. Chakula cha mchana tulimpitishia dirishani.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stendi kuanzia 1986 hadi 1992, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha ardhi alikohitimu upimaji mwaka 2002. Mwaka uliofuata aliajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya ardhi. Huko alifanya kazi hadi 2016, akafungua ofisi yake juu ya duka la vioo. Wengi wenu mawe ya mipaka ya viwanja vyenu aliyachimbia yeye. Alikuwa na msemo, jiwe likihama undugu umekwisha. Mtu akimwonyesha nyumba nzuri, yeye kwanza alitazama pembeni kama jiwe bado liko pale alipoliacha.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 2005 na mkewe huyu, fundi wa mapazia. Walikutana kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, yeye akipima kiwanja, binti akipima dirisha. Akamwambia binti kwamba ameshika futi vibaya. Binti akajibu bila kugeuka, "Kaka, wewe pima udongo. Dirisha niachie." Marehemu alituambia jioni hiyo hiyo kwamba amepata mke, mke mwenyewe akiwa hajui. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 2022 barabara kuu ilipanuliwa na nyumba za zamani zote za upande mmoja zikabomolewa. Vigingi vya kuonyesha pa kubomoa alivigonga yeye, ilikuwa kazi aliyopewa. Baadaye watoto wake walikataa kwamba pale palikuwa na nyumba ya ghorofa yenye ngazi nje, nyumba ya fundi saa, na kisima. Walisema, "Baba, unatutania." Jambo hilo lilimuuma. Ndipo akawaza mchezo wa simu wa aina ambayo ukiinua simu mtaani unaona kitu kisichokuwepo kimesimama juu ya kilichopo. Mchezaji atembee kwa miguu, awatafute majirani wa zamani nyumba kwa nyumba, wampe mafumbo, na awepo mtu wa kumkaribisha na kumwongoza njia nzima. Ramani alikuwa nazo na vipimo alikuwa navyo. Alichokosa ni studio ya kuutengeneza.

Mwaka 2023 alianza kuzizungukia studio, nasi tukaongozana naye, mimi na mkewe. Alisema, "Mama Mkubwa, wewe ndiye kipimo changu. Ukielewa wewe, nchi nzima imeelewa." Nilijua ananitania, lakini nilivaa viatu vyangu vizuri nikaenda.

Studio ya kwanza ilikuwa juu kabisa kwenye jengo la vioo. Vijana walikuwa wamekalia mipira mikubwa badala ya viti. Mmoja akanipa simu, akasema, "Inua, bibi. Unaona nini?" Nikamwambia naona kidole chako. Waliongea haraka na kuahidi sana. Marehemu aliwaomba jambo moja tu. Waweke taa ya kuchora, ya kuonekana ndani ya simu tu, kwenye kona ya lango la jengo lao, kesho atakuja kuiangalia. Kesho yake tuliinua simu tukaikuta taa iko barabarani, gari zinapita katikati yake. Akawashukuru, tukashuka.

Studio ya pili ilikuwa ya mtu na mkewe, chumba kimoja juu ya mafundi simu. Taa yao nayo kesho yake ilikuwa imeingia mtaroni. Yule mama hakuficha. Alisema, "Kusogea itasogea kidogo, baba, hatujafika huko. Ila ukisema tuitoe, tunaitoa ukiwa umesimama hapo." Akabonyeza, taa ikazimika, akatuonyesha patupu. Marehemu akatikisa kichwa kwa heshima. Mkewe akamvuta shati. "Hawa," akamwambia. Yeye akamjibu, "Mama watoto, inayosogea ni inayosogea."

Studio ya tatu ilikuwa kwenye ghala nyuma ya karakana, mapazia yamefungwa mchana. Wafanyakazi walikuwa wengi na hakuna aliyeongea. Mkuu wao tulimpa jina la Mpole, kwa sauti yake na kwa namna anavyokushika mkono kwa mikono yote miwili. Alinipa simu nishikilie huku wao wakizungumza. Nikaiinua kwenye korido, na vile viti vilivyokuwa vitupu nikaviona vina watu. Mzee mwenye kofia, dada mwenye sare ya mapokezi, mwanamume mwenye mfuko wa saruji mapajani. Wote walinigeukia wakatabasamu.

"Hawa ni nani?" nikamuuliza Mpole.

"Wa kazi za zamani, mama. Matangazo, michezo. Kazi ziliisha, wao wamebaki."

"Huyu mzee bado yu hai?"

"Huyo mwenyewe sijui. Sisi tunamjua huyu."

Nilimrudishia simu yake. Taa yao tuliikuta kesho yake pale pale, na juma lililofuata pale pale, na baada ya mvua kubwa pale pale, haijasogea hata upana wa ukucha. Marehemu aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema katika maisha yake yote hajaona jiwe lililokaa hivi. Mkewe akauliza, "Na tukitaka kuiondoa?" Mpole akamwangalia kwa huruma. "Dada yangu, kitu kilichokaa vizuri unakiondolea nini?" Marehemu akacheka. Mkewe hakucheka. Siku hiyo hiyo aliwachagua hao.

Wanaomlaumu nawasikia, nao wanyamaze kidogo. Mpima ardhi amelelewa kuogopa kitu kimoja tu, kitu kinachohama. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuogopa kisichohama.

Kazi ilianza, na marehemu aliipima mitaa upya kwa miguu yake. Mpima huanzia mahali anapopajua, kwa hiyo mwanzo wa mchezo aliuweka kwenye lango la nyumba yake mwenyewe. Mapema mwaka 2024 sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukadhani ni vumbi. Mwezi Mei hospitali ya rufaa ilituambia ni saratani ya koo. Habari zilipomfikia Mpole alikuja nyumbani akiwa na matunda, akakaa karibu na kitanda, akasema, "Kaka, yule wa kuwakaribisha wachezaji, kwa nini asiwe wewe? Tuichukue sauti ingali ipo." Marehemu alifurahi. Alikwenda kule ghalani siku nyingi. Walichukua sauti yake, sura yake, mwendo wake, anavyocheka, anavyoegemea, anavyokuna sikio akifikiri. Kila alipotoka huko alikuwa na sauti ndogo kuliko aliyoingia nayo. Najua kwamba ugonjwa ndio uliokuwa ukiimaliza. Nasema tu nilichokuwa nakiona mlangoni.

Alifanyiwa upasuaji mwezi Februari mwaka huu, akapata nafuu, akarudi wodini mwezi Julai. Mwishoni mwa Agosti Mpole alifika hospitali akiwa na simu. Tulikuwepo mimi na mkewe. Akaiinua mbele ya kitanda, na pale kati ya dripu na dirisha akasimama Futi mwingine mwenye mashavu, shati la buluu, sauti kama ya zamani. "Karibu. Unamtafuta nani?" Aliyekuwa kitandani hakuwa na sauti kwa wiki nyingi. Alimwangalia yule mwenzake mpaka nikaona vibaya. Kisha akakusanya pumzi na akasema neno, tukalisikia sote watatu.

"Nitoeni."

Mkewe akamwambia Mpole, "Umesikia." Mpole akazima simu, akaitia mfukoni. "Amechoka, dada. Hizo ni dawa zinaongea." Marehemu hakusema tena neno lolote kwa mtu yeyote. Alifariki Jumatano tarehe 10 Septemba 2025 saa ya kuona wagonjwa, mkewe akiwa amemshika miguu na mimi nikiwa kichwani.

Alhamisi Mpole alikuja msibani, akawapa pole wote, akauliza kwa upole wake kaburi litakuwa upande gani. Tukaona ni mtu mwema, shemeji yetu mmoja akampeleka makaburini, shimo likiwa limeshachimbwa. Ijumaa asubuhi jirani mwenye duka, ambaye mchezo ule wa majaribio upo kwenye simu yake, alisimama mlango wa jikoni akiwa hataki kuingia, akamwambia mjane.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Kaka yuko getini."

"Kaka gani?"

"Mwenyewe. Ameegemea."

Na kabla mjane hajajibu, simu ilisema mkononi mwa yule jirani, kwa sauti ya mume wake, "Karibu. Unamtafuta nani?" Mjane alipunguza moto chini ya sufuria, akatoka mpaka getini, akasimama hapo pasipo na mtu. Kisha akampigia Mpole simu akamwambia amtoe mume wake. Mpole akajibu, "Dada, hatukumweka sisi hapo. Pale alipapima mwenyewe." Akasema pia kwamba kinachobaki ni mjane kutamka kuwa ameridhia, mchezo ufunguliwe kwa watu wote.

Ndipo mjane akamuuliza yule shemeji aliyempeleka Mpole, "Jana makaburini alifanya nini?" Shemeji akasema hakufanya kitu, alisimama tu juu ya shimo ameinua simu, akalizunguka pole pole. Alimuuliza kama anapiga picha. Akajibiwa, "Hapana, napima."

Familia ilikaa palepale jikoni, haikuchukua muda. Kwa hiyo mlioambiwa kwamba kaburi liko upande wa ukuta mtusamehe. Lile shimo tumelifukia likiwa tupu. Hili mnaloliona upande wa bondeni limechimbwa jana jioni na kaka yake na wajomba zake, hawakukodi mtu. Na wote mliokuta kikapu mlangoni mkaombwa kuacha simu, ndiyo sababu, na hili lisije likapimwa. Kikapu hakichagui, awe jirani, awe mgeni mkubwa, awe aliyekuja kwa mikono miwili. Jibu la kuridhia linatolewa leo mbele yenu nyote, nalo ni hapana. Marehemu alikwisha kulitoa mwenyewe wodini kwa pumzi yake ya mwisho yenye neno. Tunaomba vijana wenye mchezo ule waufute. Tunajua kuufuta kwenye simu si kumtoa getini. Atakayepita pale na kuitwa kwa sauti anayoijua, asiitikie. Mjane ameanza kutumia mlango wa nyuma.

Marehemu ameacha mama mzazi, ambaye macho hayamruhusu kusoma na ndiyo maana nasoma mimi, ameacha mjane wake fundi wa mapazia, binti yake aliye chuo cha ualimu na mwanawe aliye kidato cha pili, kaka yake fundi umeme na dada yake mkunga, wajomba watatu, mimi mama yake mkubwa, na mawe yasiyo na idadi kwenye pembe za viwanja vyenu, ambayo tunawaomba msiyasogeze.

Apumzike kwa amani, mahali tulipomweka sisi.