Saa ya Baba Iliyo Ziwani

Bwana asifiwe! Na ninyi mnaokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, Bwana asifiwe! Mimi ni Nyangeta, muuza dagaa wa hapa Musoma. Wengi wenu mnaniita Mama Saa, na mkishaniita mnacheka. Leo mtajua kwa nini.

Ndugu zangu, baba yangu kule Suguti alikuwaga na saa ya pembe nne. Siyo ya mviringo kama mfuniko wa sufuria. Ilikuwa ndefu kidogo, uso wa rangi ya maziwa, na kimshale kidogo cha sekunde kikizunguka peke yake huko chini. Aliinunua Kisumu ujanani, kabla mpaka haujafungwa. Jioni alikuwa ananikalisha gotini, anakiweka kidole changu kwenye kona ya kioo, anakipitisha kona hadi kona, ndipo ananifundisha kusoma saa. Ya mviringo ukiishika gizani hujui juu ni wapi, lakini ile ilikaa mkononi mwake kama dirisha kwenye nyumba. Niliipenda saa ile, na nilimpenda mwenye mkono ule, Mungu anajua!

Ikaja miaka ya shida. Wazee mnakumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, nguo moja ya kanisani na ya shambani. Halafu ukaja msako wa magendo. Ikavuma kwamba wanapita nyumba kwa nyumba, na ukikutwa na kitu cha nje kisicho na risiti unakwenda ndani. Jirani yetu alifukia redio kwenye shamba la mihogo. Mwingine alitupa vitenge vya mke wake chooni! Baba alikuwa amekwenda msibani Bunda, na saa aliiacha kwenye kopo la majani ya chai. Asubuhi watu wakasema gari limeonekana barabarani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nikawaza, baba atafungwa! Nikaichukua saa, nikakimbia hadi kwenye mawe tunapoanika dagaa, nikairusha ziwani kwa nguvu zangu zote.

Ndugu zangu, lile gari lilikuwa la kubeba pamba. Hakuna mkaguzi aliyepiga hodi kwetu, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Baba aliporudi akafungua kopo. Nilitaka kusema, mdomo ukawa mzito. Pale nyumbani alikuwapo baba mdogo Majura, mdogo wake wa tumbo moja, na baba akamgeukia yeye. Majura akaapa, akalia machozi ya mtu mzima. Mwisho akafunga nguo zake, akahamia Kabasa, kule Bunda. Hao ndugu walikuwaga wanakula sahani moja! Tangu siku ile hata kwenye msiba wa mama yao walikaa pande mbili za uwanja. Na mimi nikanyamaza. Nikaolewa, nikazaa, bado nimenyamaza.

Mambo yalipofunguliwa, mitumba ikajaa masokoni, na pamoja na nguo zikaja saa. Hapo ugonjwa ukanishika. Nikajiambia, nikipata inayofanana na ile nitamrudishia baba, na yote yatakwisha. Nikatafuta Musoma, nikatafuta Bunda, nikafika hadi Butiama kwa sababu tu nilisikia kuna mwalimu mstaafu anayo ya pembe. Nikipata moja, si yenyewe, naiweka. Nikipata nyingine, pana mno, naiweka. Nami nikawa na kopo langu, likajaa! Nikapata na wagonjwa wenzangu, yule mwalimu na fundi saa Masatu wa Bunda. Tulikuwa tunatandika kanga, tunazipanga zote, tunazitazama tu, na hakuna hata mmoja anayeuliza ni saa ngapi. Masatu alikuwa na neno lake: "Ya mviringo inakuonyesha saa. Ya pembe inakutazama." Siku moja akanionya, "Mama, hizi usivae ziwani. Maji yanapenyaga kwenye kona." Nikatoka nje nikalia. Hakujua analiliwa nani.

Halafu nikaiona! Sokoni Bunda, kwenye meza ya mitumba, katikati ya mikanda ya suruali. Uso wa maziwa, kimshale chini. Kesho yake asubuhi nikawa Suguti. Baba alikuwa amezeeka, macho yana mtoto wa jicho, anaona watu kama moshi. Nikamwekea saa kiganjani. Akaipapasa kwa kidole gumba, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akatabasamu! Nikasema moyoni, nimepona.

"Umeitoa wapi?" akauliza.

"Sokoni Bunda, baba."

Tabasamu likaondoka. "Bunda," akasema. "Basi Majura aliiuziaga huko huko. Mimi nilijua."

Ndugu zangu! Zawadi niliyoitafuta miaka yote ile ilikuwa imegeuka shahidi wa uongo! Ningekaa kimya dakika moja tu, baba mdogo angekufa mwizi. Nikasikia ndani yangu, "Sema." Nikapiga magoti kwenye udongo, nikasema yote: gari, mawe, ziwa. Kuku wakaingia ndani, wakatoka. Nilitamani baba anipige. Mwisho akasema, "Kumbe ulitaka nisifungwe." Kisha akasema, "Nipe fimbo yangu. Twende Kabasa."

Tulimkuta baba mdogo uani, anachambua pamba. Baba akauomba mkono wa mdogo wake, akaushika, akamfunga ile saa mwenyewe kwa kupapasa. Nilidhani atatoa maneno mengi. Alisema tu, "Majura, nimekuja kula." Wakaletewa ugali na sato, sahani moja. Mimi nilikaa jikoni na mke wa baba mdogo, nikamshukuru Mungu hadi sauti ikakauka.

Walipata misimu miwili tu ya pamba, kisha baba akalala. Zile za kopo nilimwachia fundi Masatu. Lakini sitawadanganya madhabahuni: nikiona pembe nne mkononi mwa mtu, bado nageuka. Na jioni ziwa likitulia, nawaza milo yote ambayo wale wawili wangekula pamoja, hamu inanishika hadi nakaa chini.

Ndugu yangu, kama kuna mtu jina lake limechafuka kwa sababu yako, usihangaike kwanza kutafuta cha kufanana na ulichopoteza. Mimi nilizunguka Mara nzima kutafuta kitu ambacho mdomo wangu ungekimaliza asubuhi moja. Mtegemee Bwana, nenda mikono mitupu. Atakuwa amekutangulia mlangoni!

Baba mdogo Majura yupo, benchi la tatu, amevaa koti la kaki. Baba mdogo, inua mkono. Wakuone.